Sahani Zilizotengenezwa Zitumike: Kwa Nini Vyombo vya Kawaida vya Skandinavia Vinagombaniwa Leo

Uswidi soko la vitu vilivyokwisha tumika huitwa loppis, neno lililofupishwa kutoka "soko la viroboto". Ukipita hapo Jumamosi asubuhi utaona jambo ambalo kwa mgeni haliingii akilini. Upande mmoja wa meza zimepangwa sahani za Krismasi kutoka Denmark: buluu safi, kanisa limefunikwa na theluji, mwaka umeandikwa, hazina hata mkwaruzo. Upande wa pili kuna vikombe vyenye majani ya kijani. Kimoja kimepoteza kisahani chake, kingine kimemeguka ukingo. Sahani za Krismasi zinauzwa bei ya kutupa na bado hazitoki. Vile vikombe vya majani, hata saa nne haijafika, vimeshachukuliwa.

Na zile sahani ndizo zilizotengenezwa ili zitunzwe. Bing & Grøndahl ya Copenhagen ilitoa ya kwanza mwaka 1895, Royal Copenhagen ikafuata 1908, na tangu hapo kila mwaka ukawa na sahani yake ya kutundikwa ukutani na kurithishwa. Watu wakatii. Walizitundika, wakazifuta vumbi, wakazirithisha, na ndiyo maana zimejaa mpaka leo. Vikombe vya majani vilitengenezwa vinywewe kahawa, vioshwe, viangushwe na watoto, kisha vinunuliwe vingine. Vilifanya kazi hiyo barabara, na vilivyosalia vizima havitoshi wanaovitaka.

Fundo zima liko hapo. Vyombo vinavyotafutwa leo ni vile ambavyo wenyewe walivitengeneza bila kutaka vitafutwe. Kulifungua kunahitaji kwanza kuyaweka majina sawa, maana kwenye majina ndipo wengi hupotelea.

Watu wakisema vyombo vya Skandinavia vya katikati ya karne ya 20, kwa kawaida wanakusudia vilivyotoka viwandani kati ya 1945 na 1975 hivi, katika Uswidi, Denmark, Norwei na Ufini. Mwenye kujua jiografia atakukatiza papo hapo kwamba Ufini haimo Skandinavia, na atakuwa sahihi. Lakini huwezi kuieleza meza ya Uswidi ukaiacha Ufini, kwa sababu viwanda vyao vikubwa ni mama na mwana. Rörstrand, kilichoanzishwa Stockholm mwaka 1726, ndicho kilichojenga kiwanda tanzu nje ya Helsinki mwaka 1873. Wakati huo Ufini ilikuwa chini ya himaya ya Urusi, na Waswidi walitaka mlango wa kuingilia soko la Warusi. Eneo lililonunuliwa lilikuwa tayari linaitwa Arabia, basi na kiwanda kikaitwa Arabia. Kwa msomaji wa Kiswahili hili lisemwe waziwazi: ukigeuza kikombe ukakuta neno ARABIA, usifikirie Maskati wala Jidda. Ni kitongoji cha Helsinki. Mwaka 1916 Rörstrand wakawauzia Wafini, na tangu hapo mwana akaenda njia yake.

Gustavsberg ni jina jingine la kulishika. Kiko kisiwani Värmdö, karibu na Stockholm, alama yake ni nanga, na mwaka 1937 kilinunuliwa na KF, muungano wa vyama vya ushirika vya walaji. Hilo la ushirika si jambo la pembeni. Kiwanda ambacho mwenye mali wake ni wanunuzi wa maduka ya ushirika hakiwezi kutwa kucha kuwafikiria mabwana wenye meza za watu 24.

Kuna na jina la kitu chenyewe. Kauri kwa Kiswahili ni lile kombe dogo la baharini linalong'aa, na ni chombo cheupe cha mezani pia. Wataliano wa zamani nao waliliita kombe hilo porcellana, kisha chombo cha Kichina wakakipa jina hilohilo kwa ajili ya mng'ao wake, na humo ndimo yalimotoka porslin ya Kiswidi na posliini ya Kifini. Dukani kwetu, hata hivyo, mtu haombi kauri. Anaomba sahani za udongo, kuzitenga na za bati, za plastiki na za melamini. Na hakosei, kwa sababu vyote ni udongo. Kinachotofautiana ni mchanganyiko wake na ukali wa moto.

Udongo laini uliosagwa pamoja na mawe ya gumegume huchomwa kwenye moto wa nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi za Selsiasi. Chombo hutoka chepesi na cha bei nafuu, ila ndani yake kimebaki na vitundu vinavyonyonya maji, kama mtungi. Kinachokifanya kifae kwa mchuzi ni glezi tu, ule utando wa kioo uliopakwa juu. Gumegume kwa Kinorwei ni flint, na ndiyo maana chini ya sahani nyingi za Norwei utasoma Figgjo Flint au Stavangerflint. Hilo neno la pili linakueleza udongo wenyewe, wala si jina la mtu. Ukipandisha moto kufikia nyuzi 1,200 hadi 1,300 na ukatumia udongo unaouvumilia, unapata chombo kilichokaza kama jiwe, kizito, kisichonyonya hata bila glezi. Juu zaidi, na kwa udongo mweupe maalumu, ndipo kauri halisi inapopatikana. Ipo pia kauri ya mifupa, inayochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, nyembamba kiasi kwamba ukiielekeza dirishani unaviona vidole vyako upande wa pili kama kivuli.

Haya si maneno ya darasani tu. Anayejua udongo wa chombo anajua kitakavyozeeka. Cha udongo laini kikimeguka, pengo linaonyesha ndani kwenye rangi tofauti, na chai inapenya humo na kuacha doa lisilotoka. Kikikaa miaka, glezi yake hupata nyufa nyembamba kama nywele. Kilichokaza kama jiwe hakina matatizo hayo, na ndiyo sababu bibi wengi wa Ufini bado wanaingiza kwenye jiko la kuokea bakuli walilozawadiwa siku ya harusi.

Sasa turudi kwenye fundo. Kwa nini viwanda vyenye historia ya kuhudumia wafalme viliamua kutengeneza vyombo vya kuvunjika?

Wazo lilianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1917 Wilhelm Kåge, mchoraji wa mabango aliyekuwa ametoka tu kuingia Gustavsberg, alionyesha Stockholm seti ya maua ya buluu iliyoitwa Liljeblå, akiikusudia kwa familia za wafanyakazi. Ikasifiwa sana na wasomi, na walioipenda wakawa zaidi watu wenye nafasi zao. Miaka miwili baadaye mwanahistoria wa sanaa Gregor Paulsson akaandika kijitabu ambacho jina lake, Vackrare vardagsvara, yaani vitu vizuri zaidi vya kila siku, liligeuka kuwa kaulimbiu ya nchi nzima. Kåge akajaribu tena mwaka 1933 kwa seti ya Praktika, ya vyombo vinavyopangana kimoja juu ya kingine na kuuzwa kimoja kimoja. Haikuuzika. Mtu aliyekulia nyumba ya kabati la vioo, lenye vyombo vya wageni ambavyo watoto hawavigusi, ataelewa kwa nini. Fukara hataki kukumbushwa ufukara wake mezani. Anataka sahani yenye ukingo wa dhahabu, hata kama ataitoa mara mbili kwa mwaka.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Mwaka 1945 msanifu Kaj Franck aliingia Arabia kushughulikia vyombo vya matumizi. Ufini ilikuwa imeshindwa na kupoteza sehemu kubwa ya Karelia, jimbo lake la mashariki, na watu zaidi ya 400,000 walihamishwa na kutafutiwa makazi mapya ndani ya nchi isiyofikisha watu milioni nne. Nyumba zilizojengwa upesi zilikuwa ndogo. Jiko ndilo lilikuwa chumba cha kulia, na kabati lilikuwa moja. Katika hali hiyo seti ya jadi, yenye bakuli kubwa la supu, sinia tatu, sahani za ukubwa wa kila namna na vyombo vya mchuzi vyenye umbo la mashua, ilikuwa mzigo. Franck akaipasua seti.

Vyombo vya Kilta, vilivyoingia madukani mwaka 1953, havifanani na kitu cha kushangilia. Sahani ni duara lisilo na ule ukingo mpana wa kupambia, kwa hiyo zinapangana kwa wingi mahali padogo. Bakuli ni mraba au mviringo, na hilohilo linapikiwa, linaandaliwa mezani, kisha linafunikwa na kuhifadhia kiporo. Rangi ni chache na hazina ua hata moja: nyeupe, nyeusi, njano, buluu, kijani. Kila kipande kiliuzwa peke yake. Mama angeweza kununua vikombe viwili mwezi huu na sahani mwezi ujao, akachanganya njano na nyeusi, na meza isionekane ya kuokoteza. Kilta kwa Kifini ni chama cha mafundi, na kweli vipande vile vinasimama kama wanachama: kila mmoja ana kazi yake, na kazi ya mwenzake anaijua.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kijagi cha krimu. Ni chembamba ajabu, kama kimebanwa na milango miwili. Wafini wengi wa wakati ule hawakuwa na friji, lakini madirisha yao yalikuwa na vioo viwili, cha ndani na cha nje, kwa ajili ya baridi. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo ilikuwa friji yao. Franck akakitengeneza kijagi kienee humo.

Kilta iliuzwa zaidi ya miaka 20, ikasimamishwa katikati ya miaka ya 1970 Arabia ilipoachana na udongo laini. Mwaka 1981 ilirudi kwa udongo uliokaza kama jiwe, kwa jina la Teema, na Teema ipo madukani hadi leo. Hapa mnunuzi wa mtandaoni awe macho. Kwenye picha ndogo ya simu Kilta na Teema ni pacha. Mkononi, Kilta ni nyepesi, mng'ao wa glezi yake umepoa kidogo, na ukiigonga kwa ukucha inatoa sauti butu. Teema hulia.

Waswidi nao walikuwa na mtu wao, ila yeye alikuwa kinyume cha Franck kwa kila kitu. Stig Lindberg, mwanafunzi wa Kåge aliyemrithi kama mkuu wa usanii Gustavsberg mwaka 1949, alikuwa na mikono isiyotulia: aliunda vyombo, alichora vitambaa, alichora vitabu vya watoto, alisanifu hata runinga. Mwaka 1955, kwenye maonyesho makubwa ya Helsingborg yaliyojulikana kama H55, alionyesha Terma, vyombo vya kahawia iliyokolea vya kuwekwa jikoni motoni na kupelekwa mezani vilevile, pamoja na Spisa Ribb, yenye mistari ya kahawia iliyosimama wima. Halafu ikaja Berså, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1974, nayo ndiyo yale majani ya kijani tuliyoanza nayo. Berså ni kile kibanda cha majani bustanini ambamo Waswidi huketi kunywa kahawa wakati wa kiangazi. Tazama kikombe chake kwa karibu: jani moja, mshipa mweusi katikati, vijishipa pembeni, kisha jani lilelile tena na tena likizunguka kikombe bila kupumua. Pambo hilo ni stika iliyobandikwa kwa mkono kabla ya moto wa mwisho. Ukikizungusha kikombe taratibu utaona mahali majani mawili yalipokutana yakashindwa kuachiana nafasi ileile ya kwingine. Binafsi Berså inanichosha. Ni kama kitenge ambacho kila mtu harusini amekivaa. Lakini kuelewa kwa nini inapendwa si kazi: Mswidi mwenye miaka 60 akiishika anashika mkono wa mama yake.

Waliochora vyombo hivi kwa wingi walikuwa wanawake, na majina yao yalichelewa kutajwa. Rörstrand ilikuwa na Marianne Westman, aliyeingia mwaka 1950, na muda si mrefu akatoa Mon Amie, vile vijiua vya buluu vyenye petali nne ambavyo viliuzwa kwa miongo. Picknick yake ya mwaka 1956 imechorwa samaki, uyoga na mboga kana kwamba mtu amemwaga kapu la sokoni. Arabia ilikuwa na Ulla Procopé, aliyezaliwa 1921 na kufariki 1968, na kama ningelazimika kubakiza jina moja kati ya yote, ningebakiza lake. Liekki, ambayo maana yake ni mwali wa moto, ni vyombo vya kupikia vinavyopangana, na mfuniko ukiupindua unakuwa sahani ya kuandalia. Ruska, iliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1999, imechukua jina la Kifini la rangi za majani ya vuli. Haina picha yoyote. Ina glezi ya kahawia tu, inayobadilika kwa kadiri ya mahali chombo kilipokaa tanurini. Sahani moja inatoka kama kahawa iliyowekewa maziwa, nyingine kama mabati yenye kutu, na kwenye kona glezi imekimbia ikaacha wekundu kidogo. Hakuna mbili zinazofanana, na zikipangwa pamoja hakuna inayoonekana mgeni.

Halafu mama huyohuyo akatoa Valencia, ambayo unaweza kuapa ni ya mtu mwingine. Nyeupe, na juu yake buluu nzito iliyochorwa kwa mkono, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya miaka 40, hadi 2002. Geuza sahani ya Valencia utakuta herufi za mchoraji aliyeshika brashi siku hiyo. Fuata mstari mmoja kwa jicho: unaanza mnene pale brashi ilipojaa rangi, unazidi kukonda, na mwishoni una mkia hafifu mahali mkono ulipoinuka.

Norwei tuipitie upesi. Figgjo, kilichoanzishwa 1941 katika kijiji cha jina hilo kusini mwa Stavanger, kilipata bahati ya kuwa na Turi Gramstad Oliver, ambaye wasichana, ndege na nyumba zake za hadithi vilichapwa kwa chujio la hariri, kama fulana zinavyochapwa. Tahadhari moja tu: yale majani marefu yaitwayo Lotus, ya rangi ya chungwa, njano au kijani, ambayo hujitokeza kila anayetafuta vyombo vya Norwei, si udongo kabisa. Ni bati lililopakwa enameli, kazi ya kiwanda cha Cathrineholm, ndugu wa vile vikombe na sufuria vinavyobanduka rangi vikianguka, ambavyo hatuhitaji kuelezwa. Umbo ni la Grete Prytz Kittelsen, majani ni ya Arne Clausen, na Grete mwenyewe hakuyafurahia.

Denmark ina mambo mengi ila nitataja moja, Blåkant ya Grethe Meyer, iliyotoka Royal Copenhagen mwaka 1965. Ni udongo laini wa rangi ya kijivu iliyopauka, na pambo lake zima ni mstari mmoja mwembamba wa buluu ukingoni. Wawindaji wa rangi hupita mbele yake bila kusimama. Wakosefu.

Tuje kwenye bei. Wengi hudhani chombo kikiwa cha zamani zaidi ndiyo kinakuwa ghali zaidi. Sivyo. Sahani ya Rörstrand ya miaka ya 1890 yenye maua inaweza kukaa mezani mchana kutwa, huku buli la Berså la 1965 likiulizwa na kila apitaye. Hesabu yake ni rahisi ukikumbuka jinsi nyumba inavyonunua vyombo. Nyumba moja ilichukua sahani 6 au 12, vikombe 6 na visahani vyake, na buli moja. Kwa hiyo tangu mwanzo mabuli yalikuwa machache. Halafu buli ndilo linalomiminwa maji yanayochemka, ndilo lenye mfuniko wa kuteleza, mdomo wa kugonga bomba na mkono wa kukatika. Miaka 50 ikipita, sahani nane kati ya kumi na mbili zipo, buli halipo. Ndivyo ilivyo pia kwa mifuniko, vijagi na vikopo vya viungo. Kikombe huvunjika mapema kuliko kisahani, ndiyo maana masoko yamejaa visahani wajane vinavyosubiri kikombe.

Mnunuzi naye mara nyingi si mkusanyaji kama tunavyomfikiria, mwenye kabati lenye taa na kufuli. Ni mtu mwenye vikombe vitano anayetafuta cha sita. Waswidi wakifiwa, mali ya marehemu huitwa dödsbo, na watoto wakishagawana picha na saa, vyombo vinakwenda sokoni. Humo ndimo seti zinakotoka, na humohumo ndimo hamu inakozaliwa: yule aliyeuza vyombo vya mama yake akiwa na miaka 30 ndiye anayevinunua akiwa na miaka 55.

Jina la msanifu linapandisha bei pia, na hapo pana kichekesho kichungu. Miaka ya 1960 Kaj Franck alipinga hadharani desturi ya kuuza vyombo kwa jina la aliyevibuni. Alitaka chombo kijisemee. Leo tangazo lolote la Kilta linaanza na jina lake. Wajapani nao wamechangia sana. Wanapenda vyombo hivi kwa muda mrefu, na Lindberg hakuwa mgeni kwao, kwani duka kubwa la Seibu la Tokyo lilitumia karatasi ya kufungia aliyoichora yeye.

Kinachoshusha bei, au angalau kuichanganya, ni viwanda kurudia vya kale. Berså ilirudishwa katika miaka ya 2000. Mon Amie ikarudi 2008. Paratiisi ya Arabia, kazi ya Birger Kaipiainen, yenye matunda na maua yaliyobanana, ilitoka 1969, ikakoma miaka ya 1970, ikarudi mwishoni mwa miaka ya 1980 na bado inauzwa mpya. Hakuna aliyetapeliwa hapo. Ni kiwanda chenyewe kinatengeneza mali yake. Ila mnunuzi anayelipa bei ya kikombe cha mwaka 1965 kwa kikombe cha juzi amejipunja mwenyewe, na dawa yake ni kukigeuza.

Sehemu ya chini ndiyo cheti cha kuzaliwa. Arabia ya baada ya vita ina taji, Rörstrand mataji matatu, Gustavsberg nanga. Royal Copenhagen ina mawimbi matatu ya buluu, ambayo ni mikondo mitatu ya bahari ya Denmark: Øresund, Bælt Kubwa na Bælt Ndogo. Kuanzia 1935, kwenye alama yao kuna kijistari juu au chini ya herufi mojawapo ya jina la kampuni, na kijistari hicho ndicho kinachotaja mwaka. Ukiona alama imekatwa kwa mkwaruzo mmoja uliochongwa, usidhani ni uharibifu wa mwenye nyumba. Kiwanda chenyewe kiliukwaruza kuonyesha kwamba chombo ni cha daraja la pili, labda kwa sababu ya doa dogo kwenye glezi, kikauzwa nafuu.

Angalia pia nchi. "Made in Finland" inabeba uzito ambao zamani haikuwa nao, kwa kuwa tanuri za Arabia mjini Helsinki zilizimwa mwaka 2016 na kazi ikahamishiwa Thailand na Romania. Rörstrand walikuwa wametangulia: kiwanda chao cha Lidköping kilifungwa mwishoni mwa 2005. Leo mama na mwana wamekutana tena chini ya paa moja, la kampuni ya Fiskars ya Ufini, ile ya mikasi yenye mikono ya rangi ya chungwa, ambayo inamiliki pia Royal Copenhagen.

Baada ya alama, tumia vidole. Zungusha kidole ukingoni, maana pengo dogo hulikwepa jicho lakini haliikwepi ngozi. Igonge sahani kwa kifundo cha kidole: nzima inalia, yenye ufa inakoroma. Iinamishe kwenye mwanga uone kama rangi imekuwa ya unga. Adui mkubwa wa vyombo hivi baada ya sakafu ya jiko ni mashine ya kuoshea vyombo. Pambo lililowekwa juu ya glezi hupauka humo kidogo kidogo, na wauzaji wa Uswidi wana neno maalumu la hali hiyo, diskslitage. Pambo lililo chini ya glezi liko salama zaidi.

Na kuhusu kula ndani yake. Glezi za zamani za udongo laini, za viwanda vya kila mahali, zaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, hasa zenye rangi kali. Chai ya kupita haina neno kubwa, lakini usilaze humo achari, siki wala maji ya ndimu. Chombo chenye nyufa za nywele kipeleke ukutani. Ruska iliyo nzima ipakulie wali bila wasiwasi.

Kijagi kile chembamba cha krimu nacho bado kinapatikana, kwa anayevumilia kutafuta. Friji ziliingia kila nyumba, madirisha yakabadilishwa, na ile nafasi aliyoipima Franck haipo tena. Cha mwisho nilichokiona kilikuwa juu ya meza ya mwenye duka la mitumba, cha njano, ukingo mzima. Alikuwa amekitilia penseli, na alipoulizwa bei akasema hicho hakiuzwi, anakitumia.